Tumewasogezea Zuhura

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ametuma udhuru. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye tangu saa mbili asubuhi naambiwa yuko njiani. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Mamlaka ya Vipimo vya Anga, ambaye ni mimi. Mheshimiwa Katibu wa Bodi hiyohiyo, ambaye pia ni mimi ila kwa kofia nyingine. Waheshimiwa wajumbe wa kamati tendaji, kamati elekezi, kamati ndogo, na ile kamati ya kuziunganisha kamati. Mama Mkuu wa Shule hii ya wasichana, uliyetukarimu chumba chako cha maabara bila hata kuulizwa. Walimu, wazazi, watumishi wasio walimu. Wanafunzi wa kidato cha nne mliosimama juani kwa kuwa viti vimewatosha wakubwa zenu. Na wewe shemeji yangu, kaka wa mke wangu, fundi mahiri wa kuchomelea, ambaye zabuni ya mradi huu ilikuangukia baada ya ushindani mkali kati yako na wewe mwenyewe: nawasalimu nyote kwa ngazi zenu, na aliyesahaulika ajihesabu ametajwa.

(Makofi ya kiasi. Mkuu wa shule anaangalia saa.)

Ndugu wananchi, leo ni siku ambayo nchi zinazojiita zimeendelea zitaamka na kuuliza, hivi na sisi tulikuwa wapi? Leo tunazindua Kituo cha Kupima Umbali wa Sayari, mradi wa kimkakati, shirikishi, jumuishi, endelevu na wa kidijitali, uliofanyiwa upembuzi yakinifu, ukapembuliwa tena, kisha mpembuzi naye akapembuliwa, na ambao dira yake ni kuhakikisha kwamba kila mwananchi, bila kujali kipato chake, anajua yuko umbali gani kutoka Mirihi.

(Makofi. Sauti ya mzazi mmoja: "Na maji ya bomba je?")

Hilo la maji lina mamlaka yake, mama. Mimi ni wa anga.

Wapo wanaosema kwamba mimi sijui anga. Wanasema nilitoka Bodi ya Usafirishaji wa Kokoto. Ni kweli nilitoka huko, na nasema kwa kifua mbele kwamba sayari ni kokoto, tofauti ni ukubwa na mahali zilipomwagwa. Na katika miezi tisa na nusu tangu niteuliwe, tumefanya vikao mia moja na arobaini na tisa. Kwa nini mia moja na arobaini na tisa? Kwa sababu kutoka hapa hadi kwenye Jua ni kilomita milioni mia moja na arobaini na tisa na ushee, hivyo tumekaa kikao kimoja kwa kila kilomita milioni moja, na ule ushee ndiyo semina ya ufukweni.

(Vicheko. Mwandishi wa kumbukumbu anauliza jirani yake kama aandike "ufukweni".)

Sasa sikilizeni takwimu, maana mimi si mtu wa maneno matupu. Nilipokabidhiwa ofisi, sayari ya Zuhura ilikuwa upande wa pili wa Jua, kilomita milioni mia mbili na hamsini na nane kutoka kwenye meza yangu. Leo hii, ninapozungumza nanyi, Zuhura iko kilomita milioni arobaini na moja na laki nne. Tumewasogezea Zuhura, ndugu zangu! Zaidi ya kilomita milioni mia mbili, ndani ya miezi tisa na nusu, bila kuvunja nyumba hata moja! Nani mwingine amewahi kuwafanyia hivyo?

(Makofi mazito kutoka safu ya mbele. Sauti ya mwanamke kutoka nyuma: "Inazunguka, mzee! Ingekuja hata ungebaki kwenye kokoto. Na baada ya miezi mingine tisa na nusu itakuwa imerudi kulekule.")

Nani huyo? Aa. Mwalimu wa fizikia. Nimekuona, Mwalimu Nyuzi, usijifiche, ingawa naona hujifichi. Ndugu wananchi, huyu ndiye yule ambaye wanafunzi wamempa jina la Nyuzi kwa sababu kila kitu kwake ni nyuzi za pembe, hata mlango ukiachwa wazi atakwambia umeachwa wazi kwa nyuzi arobaini. Kama Zuhura itaondoka, mwalimu, itaondoka chini ya uongozi mwingine. Andika hivyo, mwandishi.

Na kwa kuwa amejitokeza mwenyewe, acheni niliseme jambo ambalo nilikusudia kulisema kwa faragha. Miezi mitano iliyopita ofisi yangu ilipokea taarifa za uhakika kwamba mwalimu huyu amepima Mwezi bila kibali.

(Minong'ono.)

Nilishtuka, na nani asingeshtuka? Maabara tulikuwa tumeshaichukua, kufuli imewekwa, mlinzi amekaa mlangoni; mtu huyu amepimia wapi? Nikamwandikia barua ya onyo, nikampa siku kumi na nne ajieleze kwa nini ameshika gimba la anga pasipo idhini. Akajibu siku ya pili. Alileta picha mbili na ukurasa mmoja wa hesabu. Mwalimu, kwa kuwa mimi ni muungwana na kwa kuwa mgeni rasmi hajafika, simama uwaeleze wananchi kosa lako, kwa ufupi.

(Mwalimu wa fizikia anasimama. Hana kipaza sauti, lakini anasikika hadi getini: "Jamani, nyoosheni mkono, inueni kidole gumba. Fumbeni jicho la kushoto, mkitazame kidole kwenye ule ukuta. Sasa fumbueni, mfumbe la kulia. Mmeona?" Kelele za wazazi: "Kimeruka! Kimeruka!")

Changu hakijaruka.

(Mwalimu: "Umefumba yote mawili, mzee.")

Endelea, mwalimu, muda wetu ni finyu.

(Mwalimu: "Kidole hakijasogea, ila nyinyi mmekitazama kutoka mahali pawili. Kikiwa karibu kinaruka sana, kikiwa mbali kinaruka kidogo. Ukijua nafasi kati ya macho yako, na ukipima kimeruka kwa pembe gani, unapata umbali bila kukigusa. Na Mwezi ni hivyohivyo. Jicho moja nilikuwa mimi hapa. Jicho la pili alikuwa mdogo wangu, muuguzi, yuko mji mwingine, kilomita mia sita kutoka hapa. Jioni, jua lilipozama tu, tukapigiana simu, tukahesabu pamoja, tukapiga picha sekunde ileile, kila mmoja kwa darubini ndogo na simu yake. Pembeni mwa Mwezi kulikuwa na nyota. Kwenye picha yake, Mwezi umesogea karibu na ile nyota kuliko kwenye yangu, kama sehemu moja ya sita ya upana wake. Nikakokotoa. Nikapata kilomita laki tatu na sabini na moja elfu. Vitabuni, siku ile ulikuwa laki tatu na sabini na tisa elfu.")

(Makofi marefu, ya kwanza ya siku kupigwa bila kuombwa.)

Asante, inatosha. Ndugu wananchi, mmemsikia kwa masikio yenu: amekosea kilomita elfu nane! Mamlaka yangu haijawahi kukosea hata mita moja, kwa sababu sisi hatukurupuki kupima. Barua yake tuliihifadhi kwenye jalada la utovu wa nidhamu, ambako, kusema kweli, ndiyo karatasi pekee yenye namba.

Mnipe maji.

(Anapewa maji.)

Tuendelee. Teknolojia tunayoizindua leo imepita mambo ya kufumba jicho. Ni rada. Mimi na wajumbe tisa tulikwenda ziara ya mafunzo nje ya nchi kuiona, tukasimama chini ya sahani kubwa ya chuma ya watu wale, tukapiga picha hamsini na tatu, na katika mojawapo sahani inaonekana. Tukaelezwa kwamba kinarushwa kitu, kitu kile kinakwenda, kinagonga, kinarudi. Kwa ufafanuzi wa kitaalamu zaidi wa hicho kitu, namkaribisha, eeh, namkaribisha tena mwalimu, kwa vile ameshasimama.

(Mwalimu: "Ni mawimbi ya redio. Yanakimbia kama nuru, kilomita laki tatu kwa sekunde moja. Wanafunzi wangu wanajua bila maabara. Kiranja, njoo na zile mbao." Msichana wa kidato cha nne, kiranja wa maabara, anakuja mbele na vipande viwili vya mbao. Anasimama kuelekea ukuta wa bohari ng'ambo ya uwanja. Anagonga mara moja: pa! Kimya kidogo, kisha ukuta unajibu: pa. Msichana mwenzake anasoma simu: "Nukta tisa tano ya sekunde." Kiranja: "Sauti inakwenda mita mia tatu na arobaini kwa sekunde. Imekwenda na kurudi, kwa hiyo nagawa kwa mbili. Ukuta uko mita mia moja sitini na moja na nusu." Fundi wa kuchomelea anauliza: "Na kwa futi kamba?" Kiranja: "Mia moja sitini na tatu, kaka fundi. Tulipima jana.")

(Shangwe. Mzee mmoja anaomba agonge na yeye.)

Tulia, mzee wangu, utagonga baadaye. Ndugu wananchi, hilo mliloliona limefanyika chini ya uratibu wa Mamlaka yangu.

(Mzazi: "Kwa hiyo mkiigonga Zuhura mtapata umbali wa Zuhura. Jua je? Mbona msiligonge lenyewe?")

Swali zuri, na jibu lake liko katika kiambatisho cha tatu, ambacho kinachapishwa.

(Mwalimu: "Jua halijibu, baba. Lina ghasia zake, ukiliita linakupigia kelele tu, na wala halina ukuta wa kugonga. Lakini tangu zamani wataalamu walishajua mpangilio wa sayari kwa kutazama zinavyozunguka, nani yuko mara ngapi mbali kuliko mwenzake. Walikuwa na ramani nzuri, tatizo haina kipimo. Ukipata umbali mmoja tu wa kweli kwenye ramani ile, umbali mwingine wote unajifungua, Jua, Mirihi, Mshtarii, mpaka mwisho. Ndiyo maana wanaigonga Zuhura, iko jirani, na leo ndiyo iko karibu kuliko siku zote za mwaka huu.")

Mwalimu, umemaliza hotuba yangu. Kaa.

Waheshimiwa, saa imewadia. Mnaiona hapa mbele yangu swichi nyekundu, iliyotengenezwa kwa ustadi na shemeji. Nikiibonyeza, mtambo uliomo ndani ya ile maabara iliyofungwa utarusha mawimbi, na majibu mtayasikia kupitia spika hizi hizi, mlio mmoja mwembamba, tiii. Na nitumie fursa hii kuwaomba radhi wanafunzi wa kidato cha nne, ambao naelewa kwamba wana mtihani wa vitendo baada ya wiki tatu na hawajashika hata chupa moja ya maabara kwa mihula miwili, lakini binti zangu, mtihani huja kila mwaka, na historia—

(Mkuu wa shule: "Mtihani wao unakuja mara moja, Mheshimiwa.")

—na historia, Mama Mkuu, nayo inakuja mara moja.

(Mwalimu: "Mzee, mwangwi wa Zuhura ni dhaifu mno. Unahitaji sahani pana kuliko paa la maabara. Chumba kile kina meza kumi na mbili. Sahani iko wapi?")

Imekunjwa.

(Kicheko kikubwa. Hata safu ya mbele inacheka, kisha inajirekebisha.)

Chekeni. Nahesabu tatu. Moja. Mbili. Kwa mamlaka niliyopewa, tatu!

(Anabonyeza swichi. Inalia: tik. Wajumbe wanapiga makofi. Kiranja anawaashiria wanyamaze. "Kilomita milioni arobaini na moja na laki nne kwenda, nyingine hivyo kurudi," anasema. "Gawa kwa laki tatu. Sekunde mia mbili sabini na sita. Tunasubiri.")

Kusubiri kote huko si lazima, binti yangu, tunaweza kuendelea na ratiba, kuna ngoma ya—

(Kiranja: "Samahani, baba. Tunasikiliza.")

(Kimya. Watu mia nne wanazielekea spika mbili. Kiranja anahesabu kwa sauti ya chini. Arobaini. Arobaini na moja. Turubai linapigapiga kwenye nguzo.)

Katika kipindi hiki cha mpito ningependa kugusia mafanikio yetu katika utunzaji wa magari ya—

(Wazazi: "Shhh!")

(Mia na ishirini. Mama mmoja anamziba mtoto mdomo kwa khanga. Mwalimu wa fizikia ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza mgonjwa. Mia mbili. Mjumbe wa kamati elekezi anavua miwani. Mia mbili na hamsini. Mia mbili sabini na nne. Sabini na tano. Sabini na sita.)

(Hakuna kitu. Mia mbili na tisini. Mia tatu. Kiranja: "Kimya, mwalimu." Mwalimu: "Nimesikia.")

Ndugu wananchi. Kwanza, foleni. Huko angani kuna msongamano, na mawimbi yetu, kwa kuwa ni mageni, huenda yamepisha ya wakubwa. Pili, yawezekana Zuhura imepokea, ila inaandaa majibu kwa maandishi. Tatu—

(Fundi wa kuchomelea anasimama, kofia mkononi: "Shemeji, mimi naomba niseme. Hiyo swichi haijaunganishwa na kitu. Uliniambia nitengeneze swichi, nikatengeneza swichi. Nilikuuliza waya uende wapi, ukasema waya ni awamu ya pili.")

Keti, shemeji. Tutaongea nyumbani.

(Fundi: "Nyumbani dada yangu naye ataniuliza. Bora niseme hapa, maana hawa watoto wamehesabu mpaka mia tatu kwa ajili ya kitu nilichokichomelea kwenye sanduku tupu. Nimeona aibu.")

Nimesema keti. Jamani, acheni nami niseme kitu ambacho hakimo kwenye karatasi hii, na mwandishi usiandike. Mimi nilijua. Swichi nilijua ilivyo. Lakini huyu binti alipofika mia mbili na sitini, naapa, na mimi nilitega sikio. Nilisahau. Nikasema moyoni, labda. Mtu mzima na mvi zangu, nimesubiri jibu la kitu ambacho sikukituma.

(Mwandishi anaweka kalamu chini.)

Haya, turudi kwenye karatasi.

(Mkuu wa shule amesimama: "Mheshimiwa, naomba ufunguo wa maabara. Sitaki hotuba. Nataka ufunguo.")

Suala la ufunguo, Mama Mkuu, liko chini ya kamati ndogo ya mali zisizohamishika, ambayo itakaa robo ijayo, na endapo akidi itatimia itapendekeza kwa kamati kubwa, nayo— mlinzi! Wewe mlinzi, mbona umeacha kiti chako? Unakwenda wapi?

(Mlinzi, mzee mwenye sare iliyopauka, anatembea taratibu kuelekea mlango wa maabara, anatoa ufunguo mfukoni. "Nafungua, mzee. Kila asubuhi hawa mabinti wanapita hapa na madaftari, wananiamkia kwa heshima, 'Shikamoo babu, leo vipi?' Nawajibu, 'Bado, wajukuu zangu.' Miezi tisa nawajibu bado. Ulimi umechoka.")

Mlinzi, hili ni kosa la kinidhamu! Mlinzi, ndani mna mitambo nyeti! Wananchi, msiingie, kuna mionzi! Mama Mkuu, wazuie!

(Kufuli inafunguka. Mlango unavutwa. Wasichana wanasita kizingitini, kisha wanaingia wawili wawili. Kinasikika kishindo cha madirisha yakifunguliwa, moja baada ya jingine. Sauti ya kiranja kutoka ndani: "Mwalimu! Meza zetu zote zipo! Mizani ipo! Vumbi tu!" Sauti nyingine: "Leteni matambara!" Mwalimu wa fizikia anapita mbele ya jukwaa bila kugeuka, anakunja mikono ya blauzi. Wazazi wanaanza kubeba viti vyao kuelekea huko. Mzee mmoja amebaki uwanjani na vipande viwili vya mbao. Anagonga, anasikiliza ukuta, anatabasamu.)

Vizuri. Vizuri sana. Kama mnavyojionea, waheshimiwa wachache mliobaki, Mamlaka yangu leo imetimiza ahadi yake ya kukabidhi kwa shule hii maabara ya kisasa yenye meza kumi na mbili, mizani, na madirisha yanayofunguka, miezi tisa na nusu kabla ya— mwandishi, andika tu "kabla ya muda". Barua ya onyo ya mwalimu naifuta, si kwa sababu hana kosa, bali kwa sababu nikiiacha jaladani, mkaguzi akija atakuta kazi pekee iliyofanyika ni yake.

Zuhura!

(Sauti mbili: "Karibuuu!")

Zuhura karibuuu!

(Sauti moja: "Inaondoka!")

Sayari kwa wote! Wote kwa sayari! Vipimo oyee!

(Kishindo cha ndoo ya maji ndani ya maabara.)

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru mgeni rasmi kwa udhuru wake, ulioandikwa vizuri. Nawashukuru wajumbe wa kamati zote, ambao naona wameshaingia kwenye magari. Namshukuru mlinzi, ambaye atanikuta ofisini kesho, au mimi nitamkuta, kutegemea nani kati yetu atakuwa bado na kazi. Na kwa namna ya pekee, kwa moyo mkunjufu kabisa, nawashukuru wahandisi wetu kumi na wanne wa rada, waliofanya kazi usiku na mchana kusimika mtambo huu, na ambao majina yao yamo katika kila ripoti niliyoituma juu. Ningewaomba wasimame muwapigie makofi, lakini hawapo. Sisemi hawapo hapa. Hawapo.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.